Mtu akianguka toka juu ya mngazi, okoteni mshipi wake: historia ya kamba na fundo linalobana



Mtu akianguka toka juu ya mngazi, maswali yanayoulizwa barzani ni yaleyale. Alikuwa amekunywa? Aligombana na nani? Nani alimwonea wivu? Wengine wanasema siku yake ilikuwa imefika. Wanaume wanambeba mbio kwenda kituo cha afya, na mshipi wake wa kupandia unabaki chini ya mti, kwenye majani. Hakuna anayeuokota. Hakuna anayeuliza kamba ilikuwa ya aina gani, ilikuwa na umri gani, na ilikatikia wapi.

Leo tuzungumze juu ya kamba hiyo. Historia yake ni ndefu. Inapita katika misitu yetu, inapita Kwilu wakati wa Wabelgiji, inapanda milima ya Ulaya, inafika mpaka mapori ya Marekani ambako wawindaji wanakaa juu ya miti. Ninawapitisha huko kote kwa sababu moja. Kila mahali watu walianguka, wakalaumiwa wao wenyewe au mwenzao, na ni baadaye tu watu walipoangalia kamba ndipo njia ya kuokoa ilipoonekana. Sisi bado tuko kwenye kulaumu. Na wanaolipa ni vijana na baba waliokimbia vita, ambao hawana mngazi wao tena, wanapanda mingazi ya watu wengine ili watoto wale.

Mshipi wa wazee

Mngazi ni mti wa Afrika, wa magharibi na wa katikati. Mzungu hakuuleta. Ukizeeka unafika mita 20 na kupita, na shina lake halina hata tawi moja la kushika. Ngazi ziko juu kabisa, chini ya majani, katikati ya miiba. Mkungu mmoja unaweza kuwa na kilo 10, 20, hata zaidi.

Kwa mti wa namna hiyo wazee walitengeneza mshipi wa nyuzi za mimea. Unazunguka shina, unazunguka na mgongo wa mpandaji. Anaegemea nyuma, miguu inasukuma shina, mshipi unakaza. Akitaka kupanda, anajivuta karibu na mti, mshipi unalegea, anaurusha juu kidogo, anaegemea tena, anasogeza miguu.

Angalieni vizuri jambo hili, kwani mengine yote ya leo yanatoka hapo. Mshipi unashika kwa uzito wa mtu mwenyewe. Uzito ukiwepo, kamba inasuguana na shina na haisogei. Uzito ukiondoka, kamba inalegea na mkono unaisogeza. Wazee hawakuandika kitabu juu ya msuguano, lakini waliujua kwa mgongo wao.

Wako pia wanaopanda juu ya asali, kama Wambuti wa Ituri. Mwaka 2013 watafiti walichapisha uchunguzi juu ya Watwa wa Uganda ambao wanaume wao wanapanda miti kutafuta asali. Walipima misuli ya nyuma ya mguu na kukuta nyuzi zake ni ndefu kuliko za majirani wakulima wasiopanda. Ndiyo maana kifundo cha mguu wao kinaweza kujikunja sana juu ya shina. Watafiti hao waliona kwamba mwili unageuka hivyo kwa sababu ya kupanda tangu utoto.

Sasa mfikirie mtu aliyelima maharagwe mlimani maisha yake yote, au aliyekuwa fundi wa kushona, au mwalimu. Vita vinamsukuma mpaka sehemu za mingazi akiwa na miaka 30 au 40. Anaazima mshipi, anaonyeshwa mara moja, anapanda. Mguu wake haujui mti, na mshipi alioazima haujui mwili wake.

Na mshipi wenyewe, hata ukiwa mzuri, una mipaka. Kwanza, unakuzuia kuanguka kinyumenyume, lakini haukuzuii kuteleza kwenda chini. Miguu ikikosa wakati mshipi umelegea, mnashuka pamoja, wewe na mshipi. Pili, ni kamba moja tu, na wewe una panga au shoka mkononi. Pigo moja likikosea, hakuna kingine kinachokushika. Tatu, ukitaka kupita kizuizi ni lazima uufungue, na dakika hiyo hujafungwa na kitu chochote.

Lusanga, ngazi na mwaka 1931

Mwaka 1911 serikali ya Ubelgiji ilifanya mapatano na tajiri mmoja wa sabuni wa Uingereza, William Lever, ambaye baadaye aliitwa Lord Leverhulme. Kampuni yake iliitwa Huileries du Congo Belge. Ilipewa haki juu ya mingazi ya asili katika maeneo matano makubwa. Vituo vyake vilipewa majina ya Kizungu: Leverville, ambayo leo ni Lusanga kule Kwilu, Alberta, leo Ebonda karibu na Bumba, Elisabetha, leo Lokutu, Flandria, leo Boteka, na Brabanta, leo Mapangu.

Viwanda vikajengwa, meli zikapita mtoni, mafuta yakaenda Ulaya kufanywa sabuni. Mashine ilifika kila mahali isipokuwa mahali pamoja: juu ya mti. Pale palibaki mtu, mshipi wake na chuma chake cha kukatia. Wanaume wengine walitolewa mbali na makwao, wakawekwa kambini karibu na mingazi, wakaambiwa wapande. Jules Marchal, Mbelgiji aliyefanya kazi ya utawala huku na baadaye akawa balozi, alisoma makaratasi ya wakati ule na mwaka 2001 akachapisha kitabu kizima juu ya kazi hiyo ya kulazimishwa.

Shida ya uchumi wa dunia ilipoanza mwaka 1929, bei ya ngazi ilianguka. Kodi haikuanguka. Mtu alitakiwa kupanda mara nyingi zaidi ili apate pesa ileile ya kulipa serikali. Mwaka 1931 Wapende wa Kwango na Kwilu wakaasi. Mwezi wa sita ofisa wa Kibelgiji, Maximilien Balot, akauawa. Jeshi la Force Publique likatumwa, na Wapende waliouawa walikuwa mamia.

Uasi ule ulikuwa na sababu nyingi, lakini mti ulikuwemo ndani yake. Kila kupanda ni hatari moja. Bei ikishuka nusu, unapanda mara mbili, na hatari inakuwa mara mbili. Anayenunua ngazi kwenye mizani haoni hesabu hiyo. Anayepanda anaiona.

Elimu ilikuja, lakini ilikuja kwa tunda. Mwaka 1933 Wabelgiji waliunda taasisi ya utafiti wa kilimo, INEAC, ambayo kituo chake kikubwa kilikuwa Yangambi. Mwaka 1941 watafiti wake wawili, Beirnaert na Vanderweyen, walieleza jinsi unene wa ganda la ngazi unavyorithiwa, na kwa njia hiyo ikawezekana kupanda mingazi yenye mafuta mengi zaidi. Hiyo ilikuwa kazi kubwa, na inatumika duniani kote mpaka leo. Lakini kamba ya mkata ngazi haikupata Yangambi yake.

Mwalimu wa muziki na fundo lake

Mwaka uleule wa 1931, mbali sana na Kwilu, mtu mmoja alichapisha habari ya fundo dogo. Hakujua lolote juu ya Wapende, nao hawakumjua. Lakini fundo lake lilikuwa dawa ya shida ileile: namna ya kushikwa na kamba wakati miguu imekosa.

Kwanza tujue kwa nini watu wa milima walilitaka. Huko Ulaya walikuwa wameanza kupanda milima ya mawe na barafu wakiwa wamefungana kamba moja. Tarehe 14 mwezi wa saba 1865 watu saba walifika juu ya mlima Matterhorn, kati ya Uswisi na Italia, wenye mita 4478. Walikuwa wa kwanza kufika pale. Wakati wa kushuka mmoja wao aliteleza, akavuta watatu wengine. Kamba ikakatika. Wanne walikufa, Edward Whymper na waongozaji wawili wa huko, Taugwalder baba na mtoto wake, wakabaki.

Uvumi ukatembea kwamba Taugwalder mzee aliikata kamba ili ajiokoe. Uchunguzi ulifanyika, hakuonekana na kosa, lakini maneno yalimfuata maisha yake yote. Kumbe jibu lilikuwa kwenye kamba yenyewe. Whymper aliandika kwamba ile iliyokatika ilikuwa dhaifu kuliko kamba nyingine walizokuwa nazo. Nzuri zilikuwepo safarini. Iliyofungwa kati ya watu ni ile mbaya. Kipande chake kimehifadhiwa kwenye jumba la makumbusho la Zermatt, na kila mtu anaweza kuona jinsi kilivyo chembamba.

Sasa turudi 1931. Karl Prusik alikuwa mwalimu wa muziki wa Vienna, Austria, na mpanda milima. Inasimuliwa kwamba wakati wa vita vya kwanza vya dunia alitumia fundo lake kutengeneza vyombo vya muziki ambavyo nyuzi zao zilikuwa zimekatika. Mwaka ule alilieleza katika gazeti la wapanda milima wa Austria, kwa ajili ya mtu aliyeanguka katika ufa wa barafu na kubaki amening'inia, ili aweze kupanda kamba yake mwenyewe na kutoka.

Fundo lenyewe ni hivi. Unachukua kamba nyembamba, unaunganisha ncha zake ziwe kitanzi. Unakizungusha kitanzi mara tatu juu ya kamba nene, kila mara ukipitisha ndani ya kitanzi chenyewe, mizunguko ikilala sawasawa bila kupandana. Ukivuta kitanzi kwa uzito wa mwili, mizunguko inabana kamba nene na haisogei. Ukiondoa uzito, unasukuma fundo kwa mkono na linateleza juu au chini.

Mmeona? Ni siri ileile ya mshipi wa mngazi. Uzito ukiwepo linashika, uzito ukiondoka linasogea. Tofauti ni moja tu. Mshipi wetu unabana shina, ambalo mara ni nene, mara jembamba, mara kavu, mara limelowa. Fundo la Prusik linabana kamba, ambayo unene wake haubadiliki. Na linabana hata kama mikono na miguu yako yote imeachia.

Baada yake wengine walitafuta mafundo ya jamaa hiyohiyo. Mwaostria mwingine, Heinz Prohaska, alieleza moja mwaka 1981. Katika miaka ya 1990 Mmarekani Jason Blake alilitangaza kwa wakata miti wa kwao bila kujua kwamba Prohaska alimtangulia, na leo wengi wanaliita kwa jina la Blake. Fundo moja, watu wawili, nchi mbili. Watu wakiwa na shida moja, akili zao zinakutana.

Toka mkonge mpaka nailoni

Fundo zuri juu ya kamba mbaya haliokoi mtu. Kwa miaka mingi kamba zote zilikuwa za mimea: katani, mkonge, ndizi ya Manila. Kamba ya mimea ina udanganyifu wake. Inaoza toka ndani. Kwa nje unaona nzima, ndani imekuwa vumbi. Tena haijinyoshi sana. Mtu akiangukia juu yake, inamsimamisha ghafla, na mgongo au kamba, kimoja kinavunjika.

Mwaka 1935 Wallace Carothers na wenzake katika kampuni ya DuPont ya Marekani walipata nailoni. Wakati wa vita vya pili vya dunia jeshi la Marekani lilitumia kamba za nailoni kwa askari wa milimani. Haziozi kama mkonge, na zinajinyosha, hivi zinapunguza nguvu ya kuanguka. Mwaka 1953 kampuni ya Kijerumani Edelrid ilitengeneza kamba yenye roho ndani na ganda lililosukwa nje. Ganda linalinda, roho inabeba. Katika miaka ya 1960 chama cha wapanda milima wa dunia, UIAA, kilichoundwa 1932, kikaanza kuweka masharti ya kupima kamba kabla hazijauzwa: zinaangushiwa mzigo, tena na tena, mtu aone kama zitashika.

Lakini kamba hizi za kiwanda zilileta adui mpya, ambaye wazee wetu hawakumjua: joto la msuguano. Kamba ya mimea ikisuguliwa inachanika. Ya plastiki inayeyuka. Nailoni inavumilia joto kuliko plastiki ya bei rahisi, ile ya rangi ya buluu, ya kijani au ya manjano tunayonunua sokoni kwa kufunga mbuzi na mizigo, na ile iliyokuja na turubai za msaada. Nyingi kati ya hizo ni polipropileni. Joto la digrii 165 hivi linaiyeyusha, na jua peke yake linaiharibu polepole. Ishikeni ile iliyokaa mwaka mzima juu ya paa la hema: inatoa unga na kukatika vidoleni.

Nimeona mishipi ya kupandia iliyoshonwa upya kwa kamba za namna hiyo. Inaonekana mipya, ina rangi nzuri, na mwenyewe anaiamini kuliko ule wa nyuzi za porini aliouacha alipokimbia. Ndugu, kamba iliyotengenezwa kushika turubai haikutengenezwa kushika baba wa watoto.

Wawindaji wa Marekani walivyojifunza

Kwa nini niwapeleke Marekani? Kwa sababu huko mamilioni ya watu wanawinda mnyama anayefanana na mbawala wetu, na wengi wao wanamngoja juu ya mti. Wanafunga kiti au kibao kidogo kwenye shina, wanakaa kimya tangu alfajiri. Juu wanaona mbali, na harufu yao inapita juu ya pua ya mnyama. Hawapandi juu sana: mita 5, mita 6. Ni kama robo tu ya mngazi mzee.

Pamoja na hayo wanaanguka, wanavunjika mgongo, wanakufa. Katika jimbo la Ohio, madaktari walichunguza majeruhi wa uwindaji wa miaka 10, wakachapisha matokeo mwaka 2010. Watu wenye bunduki mkononi, na bado walioumizwa na kuanguka walikuwa wengi kuliko waliopigwa risasi. Na karibu wote walioanguka walitoka juu ya viti vya mitini.

Walijifunza kwa hatua, na kila hatua ililipwa kwa mifupa ya watu.

Hatua ya kwanza walipanda bila kufungwa. Hatua ya pili walivaa mkanda wa kiunoni. Huo uliwashika, lakini mtu aliyening'inia kwa tumbo hawezi kupumua vizuri, na pengine anageuka kichwa chini na kuchomoka. Kwa wafanyakazi wa Marekani, sheria ilikataza tangu tarehe 1 mwezi wa kwanza 1998 kutumia mkanda wa kiunoni peke yake kumshika mtu anayeanguka. Hatua ya tatu ni mikanda ya mwili mzima, inayopita mabegani, kifuani na mapajani.

Hata hivyo walizidi kuanguka. Kwa nini? Kwa sababu walijifunga wakiisha kufika juu. Na kuanguka kwingi kunatokea njiani: wakati wa kupanda, wakati wa kushuka, na hasa wakati wa kuvuka toka vipandio kuingia kwenye kiti. Ndipo walipochukua fundo la Prusik. Kamba moja inafungwa imara kwenye shina juu ya kiti na inashuka mpaka chini. Mwindaji akiwa bado na miguu ardhini anajifunga kwenye kitanzi cha Prusik. Anapanda huku anasukuma fundo juu. Akiteleza mahali popote, fundo linabana na anaanguka kiasi kidogo tu. Sheria yao imekuwa moja: uwe umefungwa tangu mguu unapoacha ardhi mpaka unapoigusa tena.

Na kupanda kwenyewe wanapandaje? Wengi wanatumia kamba inayozunguka shina na kiuno, waliyoichukua kwa mafundi wa nguzo za simu na umeme. Mtu wa kwetu akiiona atacheka: ni mshipi wa mngazi! Ila wao wameuongezea fundo la Prusik upande mmoja, ili mpandaji aufupishe au aurefushe akiwa juu. Shina likiwa jembamba, mshipi unafupishwa. Wetu unabaki na urefu uleule toka chini mpaka juu, na juu mtu anajikuta ameegemea mbali mno na mti.

Walijifunza vilevile mipaka ya fundo. Kamba ya kitanzi lazima iwe nyembamba kuliko kamba kuu. Kwa kamba kuu ya milimita 11 au 12, wengi wanatumia kitanzi cha milimita 8. Zikilingana unene, fundo linateleza. Kamba ya matope au iliyolowa haibani vizuri. Fundo liwe usawa wa kichwa au juu yake; likiwa chini yako, unaanguka mbali kabla halijashika. Tena, mtu anapoanguka mkono wake unataka kulikamata fundo. Asifanye hivyo. Mkono ukilikamata unalisukuma, halibani, linakimbia juu ya kamba na linaweza kuyeyuka.

Na mtu aliyeshikwa hajapona bado. Akining'inia bila kusogea, damu inakaa miguuni, anaweza kuzimia na hata kufa. Asogeze miguu, asukume shina, awe na kitanzi cha kukanyaga ili asimame, na wenzake wamshushe upesi.

Kinachotufaa sisi

Najua mtakachosema: kamba za wapanda milima ziko wapi hapa, na nani ana pesa? Ni kweli. Lakini mengine hayaombi pesa.

Kwanza, kamba ipimwe kila asubuhi. Ipitishe vidoleni toka ncha mpaka ncha. Ukisikia sehemu ngumu, nyembamba, inayong'aa kama iliyoyeyuka, au nyuzi zilizokatika, hiyo ni ya kufunga kuni. Halafu uegemee mshipi kwa uzito wako wote, miguu ikiwa nusu mita toka chini, kabla ya kwenda juu.

Pili, ziwe kamba mbili. Ukifika juu, kabla ya kushika panga, zungusha kamba ya pili kwenye shina na ujifunge nayo. Usifungue moja kabla ya nyingine kushika. Pigo la panga likikata moja, ya pili inabaki.

Tatu, mwenye kutaka kuongeza fundo la Prusik kwenye mshipi ajifunze chini, kwa mtu anayelijua, na alijaribu mara nyingi akiwa karibu na ardhi. Ncha ya kamba ifungwe fundo kubwa, ili kitanzi kisichomoke mwishoni. Maneno yangu peke yake hayatoshi kukupandisha mti.

Nne, usipande peke yako, na usipande shina likiwa limelowa na mvua.

Tano, mtu akianguka, msimkalishe kwenye pikipiki kati ya watu wawili. Mgongo uliovunjika ukikunjwa, miguu inaweza kufa kabisa. Kichwa, shingo na mgongo viwe mstari mmoja, alazwe juu ya mlango au ubao, abebwe na watu wengi.

Nani ananunua kamba?

Limebaki swali moja, na ndilo la zamani kuliko yote. Msimu wa ngazi ukifika, mwenye shamba na mkataji wanapatana juu ya mikungu: mingapi yako, mingapi yangu. Kamba haitajwi. Kila mtu anafikiri ni ya mwingine. Mwenye mingazi anasema mkataji aje na vyombo vyake. Mkataji aliyekimbia usiku na watoto mgongoni hana vyombo, anaunganisha vipande alivyookota.

Huko Marekani mwindaji anapanda kwa kupenda, na kiti chake akinunua mara nyingi kinakuja na mikanda yake ndani ya sanduku. Huko Lusanga mkata ngazi alipanda kwa kulazimishwa, na iliyohesabiwa ilikuwa ngazi. Mkataji wetu wa leo halazimishwi na askari. Analazimishwa na sufuria tupu. Tofauti ipo, lakini mti haujui tofauti hiyo, wala ardhi iliyo chini yake.

Kwa hiyo naomba wazee wa barza, machifu wa vijiji vilivyopokea wageni, na wasimamizi wa kambi, waweke neno moja katika mapatano ya msimu: mwenye mingazi na mkataji wahesabu kamba pamoja, kabla ya kuhesabu mikungu. Ikiwa ni mbaya, inunuliwe nyingine na gharama itoke kwenye mafuta, kabla ya kugawana. Hapo kamba itakuwa na mwenyewe, na mwenyewe ataiangalia.

Na siku mtu mwingine akianguka, Mungu apishe mbali, mbebeni vizuri, mpelekeni. Halafu mmoja arudi chini ya mti, auokote mshipi, auleta barzani. Uwekwe katikati, watu wote wauone ulikatikia wapi. Tuanze na swali hilo. Maswali ya wivu na uchawi yanaweza kungoja.